Mzigo umekwama, bosi anasema "malizana nao": maswali yenu kuhusu hongo kwenye makampuni ya kimataifa

SWALI: Shikamoo mshauri. Nipo kitengo cha manunuzi kwenye tawi la kampuni ya kigeni, iko nchi nyingi tu, na kila mwaka tunakalishwa semina ya kupinga rushwa na fomu tunasaini. Ila mzigo ukikwama forodhani bosi ananiambia "malizana nao, makao makuu wanataka mashine Ijumaa", basi tunampa wakala, naye analeta invoisi ina kipengele kimeandikwa "gharama za uwezeshaji", risiti hakuna, na mimi ndo naisaini. Hivi haya makampuni makubwa yanafanyaje kwenye nchi ambazo bila kitu kidogo hakuna kinachosogea? Na siku likibumbuluka nani anabeba? (Jina tunalo)

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na kilichonikaa rohoni ni hiyo saini. Bosi kasema kwa mdomo, makao makuu wametaka Ijumaa, wakala kapokea hela, lakini karatasi ina jina lako peke yako. Hapo ndo pa kuanzia, manake hongo ya kampuni kubwa mara nyingi inapita hivyohivyo, juu kuna sera nzuri imechapishwa na chini kuna mtu anayeambiwa amalizane nao.

Zamani hata hawakujificha sana. Marekani walipiga marufuku kuhonga maafisa wa nchi nyingine mwaka 1977, baada ya makampuni zaidi ya 400 kukiri malipo yenye utata, lakini Ujerumani kwa mfano, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 hongo uliyotoa nje ya nchi iliweza kuhesabika kama gharama ya biashara na ukapunguziwa kodi. Mkataba wa 1997 wa OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, ndo ulibadilisha hilo kwa nchi nyingi tajiri, ila hela nyingi bado zinapita kwa mawakala, washauri na kampuni za mfukoni.

Angalia Siemens, kampuni kubwa ya mitambo ya Ujerumani. Sera ya kupinga rushwa walikuwa nayo, tena imeandikwa vizuri, huku wachunguzi wakija kukuta malipo zaidi ya 4,000 kwa maafisa wa nchi mbalimbali, jumla kama dola bilioni 1.4, na kulikuwa na madawati ya kuchukulia pesa taslimu ambapo mtu aliweza kwenda na begi akajaziwa! Idhini nyingine zilisainiwa kwenye vikaratasi vya kubandika ili baadaye vibanduliwe na isijulikane nani kasaini. Mwaka 2008 wakalipa kama dola bilioni 1.6 Marekani na Ujerumani. Lakini kabla ya hapo, 2007, walileta mkuu mpya kutoka nje ya kampuni na wakatangaza msamaha kwa wafanyakazi watakaojitokeza kusema wanachojua, na watu wakasema kweli. Naliheshimu sana jambo hilo, kwa sababu walioyajua yale ni watu wa daraja lako, wenye kushika invoisi.

Sasa wanaofanya kwa dhati wanafanyaje? Wanamchunguza wakala kabla ya kumpa kazi, mwenye hisa ni nani, ana undugu na afisa gani, kwanini anataka alipwe kwenye akaunti ya nchi ambayo hata kazi haikufanyikia, na mkataba unawapa haki ya kukagua vitabu vyake. Kipengele kama hicho chako cha "uwezeshaji" hakilipwi mpaka kielezwe ni ada gani, imelipwa ofisi gani, na karatasi yake iko wapi. Ila mimi naona kubwa kuliko yote ni muda. Kampuni ikiagiza mashine leo na kuzitaka baada ya siku chache huku inajua forodha ya pale inachukua wiki tatu, hiyo tayari imeshaamua hongo itolewe, imekuachia wewe tu kuitoa. Wenye nia wanaomba vibali mapema, wanaweka vipuri vya akiba, na ratiba ya mradi inahesabu kabisa siku za kukwama. Wengine wanaungana, mfano makampuni ya meli yalianzisha mtandao wao mwaka 2011, Maritime Anti-Corruption Network, wakikataa wanakataa wengi na kila anayeombwa anaripoti, kwa hiyo afisa hawezi kumkomoa mmoja.

Kuhusu wewe. Sheria ya Marekani inavumilia malipo madogo ya kuharakisha huduma ya kawaida ambayo ulistahili kupata, ya Uingereza ya 2010 haivumilii kabisa na mtu binafsi anaweza kufungwa hadi miaka 10, na sheria ya nchi uliyopo nayo ipo usiisahau. Ukitishiwa uhai, toa, toka salama, uandike taarifa siku hiyohiyo. Mengine yote mwandikie bosi imeili ya mistari miwili, "wakala anadai kiasi hiki bila risiti, naomba maelekezo yako kwa maandishi", na nakala ipeleke kitengo cha uadilifu. Utashangaa jinsi "malizana nao" inavyopotea ikitakiwa kuandikwa.

SWALI: Mshauri, si Marekani wamelegeza hii sheria? Bosi wetu anasema kesi zimekwisha. (Msomaji mwingine)

JIBU: Hazijaisha. Februari 2025 Rais Donald Trump aliagiza uchunguzi mpya usimame siku 180, na Juni mwaka huohuo ukatoka mwongozo mpya wa kuchagua kesi zipi zifunguliwe, lakini sheria yenyewe haikufutwa, na kosa la leo linaweza kushtakiwa miaka kadhaa mbele chini ya serikali nyingine kabisa. Alafu Machi 2025 waendesha mashtaka wa Uingereza, Ufaransa na Uswisi wakaunda kikosi cha pamoja cha kesi hizihizi. Airbus, watengeneza ndege, mwaka 2020 walilipa euro bilioni 3.6, na sehemu kubwa ilienda Ufaransa na Uingereza, wala sio Marekani. Mwambie bosi wako hivyo, na akikwambia ulipe, yale ya kuandikiana imeili niliyomwambia mwenzako hapo juu yanakuhusu na wewe.