Desemba Haifa kwa hela ya kuhesabu: ushauri wa aliyeshuka kwa ngazi

Jumamosi yangu ya kwanza Haifa nilisimama mbele ya geti la Carmelit, treni ndogo inayopita chini ya ardhi kutoka mlima Karmeli hadi mjini chini, nikingoja lifunguliwe. Nilingoja kweli. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akanionea huruma, akanyoosha kidole kwenye geti na kusema neno moja: Sabato. Basi nikashuka kwa ngazi, na Haifa ina ngazi ambazo magoti hayazisahau.

Ushauri wa kwanza ndio huo. Kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumamosi jioni treni zimelala, na mabasi ni ya kubahatisha, ingawa Haifa ina nafuu kuliko miji mingi ya Israeli. Panga safari yako mapema, vaa raba, na usisahau kwamba ngazi ulizoshuka utazipanda.

Nilikuwa nimekwenda kwa kozi ya walimu wa awali katika kituo cha mafunzo cha Golda Meir, ambacho tangu 1961 kinapokea wanafunzi, wengi wao wanawake, kutoka Afrika na Asia. Mfukoni nilikuwa na hela ya kuhesabu. Ndiyo maana niliposikia kuna tamasha mtaani lisilo na kiingilio sikuuliza mara mbili.

Wenyewe huliita Sikukuu ya Sikukuu. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hufanyika wikendi za Desemba kwa ajili ya Hanuka ya Wayahudi, Krismasi ya Wakristo na Ramadhani ya Waislamu. Ramadhani hairudi Desemba kila mwaka, kwa sababu mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 sikukuu zote tatu zilikaribiana. Nyuma ya tamasha kuna Beit HaGefen, Nyumba ya Mzabibu, kituo cha utamaduni cha Waarabu na Wayahudi kilichoanzishwa 1963. Kipo pembeni tu mwa Wadi Nisnas, mtaa wa Waarabu, wengi wao Wakristo. Nisnas, wanasema, ni nguchiro. Kwa hiyo nilikuwa nashuka Bonde la Nguchiro.

Kilichonishangaza ni kwamba hakukuwa na lango. Michoro imebandikwa kwenye kuta za nyumba za watu, sanamu zinaning'inia juu ya vichochoro, na wewe unapita chini ya nguo za mtu zilizoanikwa ukitafuta mchoro unaofuata. Watoto wa Kiyahudi wanakula mkate wa zaatari, majani makavu ya kiungo na ufuta, kutoka kwa mwokaji Mwarabu, hatua chache mbele kuna maandazi ya Hanuka yenye jemu ndani, na bendi inapiga mahali ambapo jana yake palikuwa pa kuegesha magari. Unafuu wote unatoka hapo: jukwaa ni mtaa wenyewe, na ukumbi haukodiwi. Ukitaka kubana matumizi, kula falafeli, ndugu wa bajia zetu za dengu, kisha kunywa kahawa ya iliki mahali unapoweza kukaa muda mrefu.

Kwenye kahawa ndipo nilipoharibu. Nilimuuliza muuzaji swali ambalo wageni wote huuliza: hivi nyie na Wayahudi mnaishije? Akaniuliza kama naweka sukari. Nikasema ndiyo. Mazungumzo yakaishia hapo, na nilistahili. Mtu yuko kazini siku yenye wateja kuliko zote mwezi mzima, halafu unamfanya awe mwakilishi wa historia. Nenda kama mnunuzi, usiende kama msuluhishi.

Nilifanya vizuri zaidi kwenye meza ya vitamu. Nilitaka vipande saba, Kiingereza kikanikwama, nikasema tu "saba". Muuzaji akacheka, kwa Kiarabu ni sab'a. Mama wa Kiyahudi aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akadakia: kwao ni sheva. Tukaanza kulinganisha. Sita, sitta, shesh. Tisa, tis'a, tesha. Nane ikatuangusha, maana yetu ni ya Kibantu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaishije na nani, na foleni ikaongezeka nyuma yetu hadi tukafukuzwa kwa upole.

Nisikudanganye kwamba ni peponi. Kabla ya 1948 Waarabu wa Haifa walikuwa makumi ya maelfu. Vita vya mwaka huo, vya kuundwa kwa Israeli, vilipopita walibaki kama 3,000, na jeshi likawakusanya Wadi Nisnas, wakiwemo watu waliokuwa na nyumba zao kwingine mjini humo humo. Ukilijua hilo, zile kuta unazitazama kwa jicho jingine. Wako pia wanaonung'unika kwamba wageni huja, wakala, wakapiga picha na kupanda tena mlimani. Hawajakosea. Mei 2021 ghasia kati ya Wayahudi na Waarabu ziliigusa hata Haifa yenye sifa ya utulivu. Na Akko, ng'ambo ya ghuba, ghasia za Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi, ya 2008 zilizuia tamasha lao la tamthilia kufanyika kwa wakati wake, na wafanyabiashara Waarabu wa mji wa kale wakapoteza wateja waliowategemea. Kwa hiyo nanunua kwa makusudi, na nanunua kwa mwenye duka la mtaani kabla ya mwenye kibanda cha siku mbili.

Kwa ndugu zangu mnaokwenda kuhiji Nazareti: Haifa iko kilomita kama 40 tu. Mwombeni kiongozi wa msafara alasiri moja.

Na kwa mnaotaka kuandaa kitu cha namna hii kwenu: msimwite mgeni rasmi. Nilirudi nyumbani nikiwa na moto, nikaandaa siku ya sanaa mtaani kwetu, nikakodi turubai na viti vya plastiki, na watoto wakakaa juani karibu saa mbili wakimsubiri mheshimiwa aje kufungua. Alipofika alihutubia. Ngoma ilipoanza kulia, nusu ya majirani walikuwa wameshakwenda kupika. Mwaka uliofuata hatukukodi hata kiti. Tulitundika michoro ya watoto kwenye kuta za watu waliokubali, na kila mwenye ukuta akatoka kuangalia nani anapita.

Kabla ya kuondoka Haifa nilirudi Wadi Nisnas siku ya Jumanne. Bendi hazikuwepo, magari yalikuwa yamerudi kwenye maegesho yake. Baadhi ya kazi za sanaa hubaki ukutani mwaka mzima, na moja ilikuwa imefunikwa nusu na shuka iliyoanikwa. Yule muuza kahawa alinitambua. Safari hii hakuniuliza habari ya sukari, aliweka tu.