Pikipiki kwenye foleni ya Dar: jifunze kwanza kwenda polepole

Huu ni mwaka wa sita natoka Mbezi asubuhi kwenda kazini Kariakoo na kurudi jioni kwa pikipiki yangu mwenyewe, ya cc 125. Wanawake wenzangu ndio huniuliza zaidi: ulipataje ujasiri wa kuingia Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi? Naandika hasa kwa ajili yao, ila hata kaka anayepanga kununua pikipiki mwezi ujao asome.

Ujasiri niliupata uwanjani, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee aliyeendesha pikipiki ya kazi mikoani kwa miaka mingi. Jumapili alfajiri tulikuwa tunakwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wiki mbili za mwanzo hakuniruhusu nifike gia ya tatu. Alipanga matofali sita kwa mstari, akaniambia nipite katikati yake, kushoto na kulia, bila kushusha mguu. Nikawa nainama kutazama tairi la mbele, pikipiki inayumba, mguu chini. Akanisimamisha. "Mwanangu, tairi linajua lilipo. Wewe tazama unakotaka kwenda." Nikainua macho, nikayaelekeza kwenye tofali la mwisho, na pikipiki ikapita kama inavutwa kwa kamba. Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Ukitazama nafasi iliyo pembeni ya shimo, mikono inafuata macho.

Kitu cha pili ni klachi, ule mkono wa kubana ulio upande wa kushoto wa usukani. Weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu bila kuvuta mafuta mpaka uhisi pikipiki inataka kusogea. Hapo ndipo inaposhika. Ibane tena, rudia. Fanya hivyo mara hamsini, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kidogo tu. Kutoka Kimara hadi Ubungo foleni ikiwa imeshikana, hakuna ujuzi utakaoutumia zaidi ya huo. Asiyeujua ndiye unayemwona anapiga teke chini kila baada ya mita mbili, halafu anaruka mbele ghafla na kugonga bampa ya mtu.

Breki nimejifunza kwa maumivu, hilo nalisema wazi. Mwezi wa tatu tangu nianze kwenda mjini, mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imenyunyiza kidogo tu. Karibu na Magomeni daladala iliyokuwa mbele yangu ilikata kushoto kufuata abiria, nami nilikuwa upande huohuo wa kushoto. Nilikamata breki ya mbele kwa vidole vyote, kwa nguvu zote, juu ya mchanga uliojikusanya kando ya lami. Tairi lilifunga, nikalala ubavu. Kiwiko kilichunika, helmeti ikapata ufa, na kichwa changu kikabaki kizima kwa sababu mkanda wake nilikuwa nimeufunga.

Nilitaka kuiogopa breki ya mbele tangu siku ile. Mzee akanikatalia kabisa, na alikuwa sahihi. Unapofunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha kweli, na ya nyuma inasaidia. Kosa langu lilikuwa kuikamata kwa pigo moja. Inaminywa, kama unavyokamua ndimu: kwanza kidogo, uzito uhamie, kisha zaidi. Turudi uwanjani, akasema. Tukarudi, nikafanya zoezi hilo kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, mpaka mkono ukazoea. Kumbuka pia kwamba kwa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde. Ukichelewa kushtuka kwa sekunde moja, mita 14 zimekwisha kabla hujagusa breki.

Na mvua: dakika zile za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, maana maji yanachanganyika na oili na vumbi la siku nyingi. Rangi nyeupe ya zebra na mifuniko ya chuma huteleza kama sabuni. Ikianza kunyesha, mimi husimama mahali kwa robo saa. Bosi atasubiri.

Barabarani kwetu indiketa haitoshi kukuambia dereva atafanya nini, hivyo jifunze kusoma vitu vingine. Konda akishaning'inia mlangoni na kugonga bodi, daladala inasimama sasa hivi. Mtu akipunga mkono kando ya barabara hata mita hamsini mbele, jua daladala itamfuata. Tazama matairi ya mbele ya gari: yanaanza kugeuka kabla bodi haijageuka. Bajaji ichukulie kwamba inaweza kugeuza popote. Kwa lori, kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni, basi usikae hapo. Na usipite kushoto kwa daladala iliyosimama. Mlango uko huko, na anayeshuka anaweza kuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Njia ya mwendokasi usiiingie, hata ukiona kumi wamepita. Mabasi yale ni mazito, na ukingo wa zege haukupi pa kukimbilia.

Sasa matunzo. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu naona watu wakibadili stika na kupamba siti huku cheni inapiga kelele. Pikipiki mbovu inakunyima ujasiri hata kama unajua kuendesha.

Kila asubuhi, kabla sijavaa helmeti, nazunguka pikipiki dakika mbili. Nabonyeza matairi na kutafuta msumari. Natazama oili injini ikiwa imepoa, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, si ikiwa imelala upande, maana hapo kipimo kinadanganya. Nabana breki zote mbili, nawasha taa ya breki na indiketa, napiga honi. Upepo wa matairi napima kila Jumamosi, asubuhi kabla ya safari.

Cheni ndiyo watu wanaisahau. Iinue kwa kidole sehemu ya chini, katikati: kwenye pikipiki nyingi ndogo kama zetu inatakiwa icheze kama sentimita 2 hadi 3. Ikilegea sana itachomoka, ikikazwa sana inakula beringi. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ifute ikauke, ndipo uipake oili nzito ya gia. Zungusha tairi kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Kuna mafundi wanaiacha injini iungurume gia ikiwa imeingia ili cheni ijizungushe yenyewe, na kitambaa kikinaswa, vidole vinakwenda nacho. Meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, yakishachongoka na kulala upande mmoja kama ndoana, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Nilijaribu kubana matumizi nikabadilisha cheni peke yake, na sproketi ya zamani ikaimaliza ile mpya ndani ya miezi michache.

Oili mimi hubadilisha kila kilomita 2,000, kwa sababu foleni inachosha injini bila kilomita kuonekana. Nanunua kopo lenye lakiri na kuifungua mwenyewe mbele ya fundi. Kila tunapobadilisha oili, namwomba fundi achomoe plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inachoma vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli inaingia nyingi au chujio la hewa limeziba vumbi, na kwa barabara zetu za mitaani huwa ni chujio.

Simama hapo fundi anapofanya kazi. Uliza. "Fundi, nionyeshe ulichotoa." Fundi mzuri hachukii.

Chini ya siti nabeba spana namba 10, 12, 14 na 17, plagi moja, koleo, na waya wa klachi. Waya huanza kukatika uzi mmoja mmoja pale karibu na mkono wa klachi, kwa hiyo vuta nyuma ule mpira unaoufunika kila mwezi uchungulie. Wangu ulikatika jioni moja Ubungo, giza likiingia. Nilisukuma pikipiki mpaka kando penye mwanga wa duka, nikatoa waya wa akiba, nikaufunga kama nilivyoonyeshwa uwanjani. Ilinichukua dakika ishirini na mikono yote ikawa myeusi, nikafika Mbezi chakula cha jioni kikiwa bado cha moto.