Simfonia ya Górecki: usianzie katikati

Wewe unayeanza kujifunza muziki wa kisasa wa Poland, nikuambie kwanza kosa langu. Simfonia ya 3 ya mtunzi Henryk Górecki, kazi ya okestra na mwimbaji ya mwaka 1976, niliijua kwa sehemu ya pili tu, ile fupi inayoliza watu. Maneno yake aliyaandika msichana wa miaka 18 kwenye ukuta wa selo ya gereza la Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Zakopane mwaka 1944, akimsihi mama yake asilie. Nikaandika chuoni kwamba Górecki aliuacha usasa, ule muziki mkali wa ujana wake, akarudi karne ya 19.

Nilikosea, kwa sababu sikuwa nimekaa na sehemu ya kwanza. Inakaribia nusu saa. Itafutie wakati wa utulivu na spika nzuri, maana kontrabesi, zile ala kubwa za nyuzi zenye sauti nzito kuliko zote, zinaanza chini mno. Kwenye simu utadhani muziki haujaanza. Zinaimba wimbo mmoja, polepole. Kundi jingine linaudaka wimbo uleule, juu zaidi, kisha jingine, mpaka nyuzi zote zimejaa. Halafu zinapungua hadi inabaki noti moja. Hapo ndipo soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, anaingia. Nilipolisikia hilo nilielewa kwamba machozi yale yamejengwa kwa mpango mkali sana. Ule ukali wa ujana wake Górecki hakuutupa, aliutia ndani ya wimbo.

Mtunzi mwenzake, Krzysztof Penderecki, naye wapo waliomwona msaliti wa usasa. Mwaka 1960 aliandika kazi ya ala 52 za nyuzi, ambayo baadaye aliipa jina la maombolezo ya wahanga wa Hiroshima, muziki wa makelele na mikwaruzo. Miaka kumi na sita hivi baadaye akamwandikia mpiga fidla Isaac Stern konserto, yaani kazi ya fidla na okestra, yenye giza na hisia nzito. Zisikilize zote mbili siku moja. Katika konserto fuatilia noti mbili zilizo jirani kabisa, ya juu ikiishukia ya chini, kama mtu anayeshusha pumzi. Zinarudi tena na tena.

Watunzi wa kizazi kilichowafuata, Eugeniusz Knapik, Andrzej Krzanowski na Aleksander Lasoń, waliosoma Katowice, waache kwanza, utawasikiliza baadaye.

Kwa sasa azima noti za simfonia maktaba, shika penseli, na kila kundi la nyuzi linapoingia katika ile sehemu ya kwanza, weka alama. Ukipotea, rudi kwenye kontrabesi uanze upya. Mimi nilirudi mara nne.