Kumtambua twiga dume na jike kwa mbali

Ndugu yangu, umeuliza utamjuaje twiga dume na jike ukiwa garini pale Mikumi. Anza na pembe. Za jike ni nyembamba, zina kishungi cha nywele nyeusi nchani. Za dume ni nene na juu zimenyonyoka, kwa sababu hupigana kwa kuzungusha shingo na kumtwanga mwenzake kwa kichwa. Kama pembe hazionekani vizuri, tazama wanavyokula: dume hunyoosha shingo hadi juu kabisa, jike mara nyingi huinamia majani ya chini. Ukimkuta ametanua miguu ya mbele anakunywa maji, zima injini, maana hapo huwa na wasiwasi sana. Na usishuke! Teke lake huua simba, sembuse wewe.