BIM kwa ghorofa saba Dar: inalipa au mbwembwe tu?

Mkuu, umeuliza kama uongeze hela utengenezewe modeli ya BIM, yaani jengo zima lililochorwa kwenye kompyuta pamoja na taarifa za vifaa vyake, kwa jengo lako la ghorofa saba la kupangisha, ilhali michoro ya kawaida unayo na msingi bado haujachimbwa. Mimi si mchoraji, nasimamia majengo hapa Dar. Nakujibu kwa upande wa anayebaki na funguo mkandarasi akishaondoka.

Inalipa, ila si kwa sababu wanayokuuzia. Watakuonyesha jengo linazunguka kwenye skrini, vioo vinang'aa, minazi imepandwa mbele. Hiyo ni picha. Unachotakiwa kulipia ni taarifa zilizofungwa ndani yake.

Kwenye ujenzi faida yake inajulikana: bomba la maji taka na boriti vinagongana kwenye kompyuta kabla zege halijamwagwa, hivyo hakuna fundi wa kuja kutoboa boriti baadaye. Hapo mhandisi wako atakueleza vizuri kuliko mimi.

Hela hasa iko miaka inayofuata. Jengo moja tulikabidhiwa kwa makabrasha tu, maji yakaanza kuvuja dari ya ghorofa ya nne. Mchoro unasema bomba la kupandisha maji limepita upande wa ngazi. Tukapasua, patupu. Kumbe wakati wa ujenzi mafundi walilihamisha kukwepa nguzo, na mchoro haukuguswa. Tulikuja kulikuta nyuma ya vigae vya choo cha mpangaji, baada ya kumbomolea gipsamu yake, na kodi ya mwezi ule tukabishania weee. Jengo jingine lina modeli iliyorekebishwa kadiri kazi ilivyokwenda saiti. Pale nabofya bomba, naona koki yake iko chumba gani, fundi anakwenda moja kwa moja.

Kwa hiyo madai yako yaandike kwenye mkataba mapema, usisubiri makabidhiano. Kila pampu, lifti, jenereta na AC iwe na jina moja tu, lile lile kwenye modeli, kwenye orodha na kwenye kibao kilichobandikwa juu ya mashine. Utashangaa hilo jina moja linavyoshinda watu. Halafu aina ya mashine kama kiwanda kilivyoiita, namba ya mashine, tarehe ya kufungwa, mwisho wa waranti na muuzaji wa vipuri. Hayo yote yanakaa kwenye jedwali la kawaida la Excel. Usidai kila skrubu ichorwe, utalipia uchoraji ambao hakuna atakayeufungua. Modeli yenyewe ichukue pia kwa IFC, muundo wa wazi wenye kiwango cha ISO 16739. Faili la Revit, programu ya kuchorea BIM, peke yake litakufunga kwenye programu ya kulipia leseni. Mshauri wako mwambie asome ISO 19650, kiwango cha kusimamia taarifa za majengo, sehemu ya tatu iliyotoka 2020, ndiyo inayohusu jengo likishaanza kutumika.

Wanaosema haya ni ya wazungu wenye hela waangalie Uingereza. Moto wa Grenfell Tower mwaka 2017 uliua watu 72, na sheria ya 2022 ikaja kuwabana wenye majengo marefu ya makazi watunze taarifa za usalama wa jengo kidijitali. Urefu unaohesabiwa kule ni mita 18 au ghorofa saba. Saba, kama lako.

Sasa kinachoua modeli nyingi: pampu ya kwanza ikibadilishwa bila mtu kuandika, imeanza kuwa hadithi. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, na fundi asilipwe mpaka namba ya mashine mpya iingizwe. Kama jengo liko karibu na bahari, historia hiyo itakuonyesha AC za nje zinavyoliwa na chumvi mapema, upange fungu kwa hali halisi badala ya kitabu cha kiwanda. Vihisio (sensor) vya matenki na jenereta vinaweza kusubiri. Huyo anayekupigia debe la "pacha wa kidijitali", yaani modeli inayolishwa taarifa na vihisio hivyo, muulize kwanza nani atabadilisha betri zake.

Bajeti ikigoma kabisa, piga picha kila ukuta na dari kabla havijafunikwa, ukiweka futi ya kupimia ndani ya picha, zipange kwa ghorofa na chumba. Na uiangalie BOQ yako leo, ile orodha ya kazi na vifaa vyenye bei: kama kipengele cha michoro ya jengo lilivyojengwa hakina bei, ongea na mkadiriaji majenzi kabla zabuni haijatangazwa.