Je, Mungu ana maumbile?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari, na Jumamosi jioni nakaa na vijana wa kanisani kwetu. Nimewaandalia mada juu ya sayansi na imani. Hoja yangu ni kwamba ugomvi mwingi kati ya hizo mbili unatokana na namna tunavyomfikiria Mungu alivyo, na hilo nimeliita "maumbile ya Mungu". Mzee mmoja wa kanisa aliposoma rasimu aliniambia nimekufuru. Kamusi inasema maumbile ni hali ya asili ya kitu. Kosa langu liko wapi? Na Spinoza, yule mwanafalsafa aliyesema Mungu na maumbile ni kitu kimoja, nimtafsiri vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukufuru, kwa kuwa hukukusudia. Ila mzee wako ana sikio zuri la Kiswahili, na ningekuwa mimi ningemshukuru kabla ya kubishana naye.

Neno maumbile limetoka kwenye kuumba, na bado linanukia tendo hilo. Liweke pamoja na ndugu zake: umbo, kiumbe, muumba. Kiumbe ni kilichoumbwa, kama vile mtume ni aliyetumwa. Ile e ya mwisho ndiyo inayotuambia kwamba mwenyewe ametendwa. Hata kuumbuka kumo katika ukoo huu: mtu akiaibika mbele za watu, sura aliyokuwa nayo machoni pao imebomoka. Ukivuka kwa majirani utaukuta udongo wenyewe. Mganda akisema kubumba anaongelea mikono iliyozama kwenye tope la chungu. Mzulu naye husema bumba kwa kazi hiyohiyo, na kwa Wakikuyu mfinyanzi huitwa mũũmbi. Sisi chungu tunakifinyanga, kuumba tukamwachia Mungu, lakini wazo la kitu kilichotoka mikononi mwa mwingine halikufutika.

Kwa hiyo ukiandika "maumbile ya Mungu", sikio la Mswahili linauliza palepale: kaumbwa na nani? Tena maumbile ndilo neno la adabu tunalotumia kwa sehemu za siri za mwili. Sidhani mzee alitaka kulitaja hilo mbele yako, lakini huenda lilimkwaza.

Tatizo lilianzia kwenye lugha uliyosomea vitabu vyako. Lugha za Ulaya zimerithi neno la Kilatini, natura, ambalo shina lake ni kuzaliwa. Kuzaliwa si kuumbwa. Ndiyo maana mwanateolojia wa Kilatini aliweza kusema natura ya Mungu bila mtu kushtuka, na neno hilohilo akalitumia kwa miti na nyota. Kiswahili kimeyatenga mambo hayo mawili. Kama kwenu mnasali Kanuni ya Imani ya Nisea, ile iliyoanzia kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325, isikilize vizuri inapomtaja Yesu: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Waliotafsiri walifika mahali ambapo wewe ulikwama, na hawakuandika maumbile. Waliandika umungu.

Basi kwa jambo lako una maneno matatu, nami nitakwambia ninavyoyaona.

La kwanza ndilo hilo, Uungu au umungu kwa mapokeo ya kanisa lenu. Ni zuri, na vijana wanalijua. La pili ni dhati. Masheikh wa pwani husema dhati na sifa za Mwenyezi Mungu: dhati ni vile alivyo yeye mwenyewe, sifa ni vile anavyojulikana. Wakristo wengi hulikwepa wakidhani ni la msikitini tu, hali kila siku wanashukuru "kwa dhati ya moyo". Kwa mada kama yako mimi ningelichagua hilo bila kusita.

La tatu ni tabia, na hapa nitakaa kidogo. Biblia ya Kiswahili ya 1952, katika waraka wa pili wa Petro, inasema tupate kuwa "washirika wa tabia ya Uungu". Msomaji wa leo anafikiri habari ya mwenendo, kama tabia njema na tabia mbaya. Lakini kwa Kiarabu, lilikotoka, neno hilo lina maana ya asili ya kitu, kile kinachoufanya moto uwe moto. Maana hiyo imebaki kwetu katika tabianchi. Na juu ya neno hilo wanazuoni wa Kiislamu walibishana sana. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alichukua mfano wa pamba na moto: tunaona pamba inaungua inapoguswa na moto, akasema, lakini hatuoni kwamba moto ndio unaounguza, anayeunguza ni Mungu, na sisi tumezoea tu kuona mambo hayo mawili yakifuatana. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba ukiviondolea vitu tabia zao umeondoa elimu yenyewe, kwa kuwa kujua ni kujua sababu. Wewe unafundisha fizikia. Wape vijana wako hoja hiyo na kipande cha pamba na kiberiti, wataielewa. Sisi Waswahili tumelichukua neno walilobishania na kulifanya liwe na maana ya mazoea. Hatukukusudia kuamua ugomvi wao, lakini napenda kulitazama neno hilo na kuwaona wote wawili ndani yake.

Sasa Spinoza. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1632, akajipatia riziki kwa kusugua lenzi, na kitabu chake kikuu kilichapishwa mwaka 1677 baada ya kufa kwake. Msemo wake, kwa Kilatini, ni Deus sive Natura. Ukiandika "Mungu, yaani maumbile", umemfanya aseme kwamba Muumba ni kilichoumbwa, jambo ambalo hakulisema. Yeye mwenyewe alitofautisha asili inayozaa na asili iliyozaliwa, na Mungu alimweka upande wa ile inayozaa. Maumbile ya Kiswahili yanafika upande wa pili tu. Andika: "Mungu, au kwa jina lingine, Asili." Asili ni shina, chanzo, kule kitu kinakotoka, na ndani yake hakuna mkono wa mfinyanzi. Hapo pia utamweka vizuri Einstein, ambaye mwaka 1929 rabi mmoja wa New York alimuuliza kwa telegramu kama anamwamini Mungu. Alijibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa vyote vilivyopo, wala si Mungu anayeshughulika na majaliwa na matendo ya wanadamu.

Jambo moja nakusihi. Usisimame mbele ya vijana ukawaambia kwamba Kiswahili kimethibitisha kuwapo kwa Muumba kwa sababu kinasema maumbile. Neno linaonyesha waliolitunga waliamini nini, basi. Mwanafunzi asiyeamini anayo haki ya kusema "sheria za maumbile" na kupata alama zake zote, na akitaka neno lisilomrudisha kwenye kuumba, asili ipo: tunasema maliasili, na wanabiolojia wanasema uteuzi asilia.

Kichwa cha mada yako kisomeke hivi: "Dhati ya Mungu na sheria za maumbile." Kisha mpelekee yule mzee rasimu mpya kabla ya Jumamosi.