Mshipa upi: wa damu, wa fahamu au ukano?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasomea uuguzi, mwaka wa kwanza. Darasani tunajifunza kutambua viungo na tishu kwa Kiingereza, ila jioni tukikaa kujisomea tunaelezana kwa Kiswahili. Neno linalotugombanisha ni "mshipa". Mwenzangu mmoja anaita ateri, inayotoa damu moyoni, mshipa, mwingine anaita neva, inayopeleka hisia, mshipa, na mimi nyumbani nimelizoea hata kwa nyama isiyotafunika. Nani anakosea?

JIBU: Marahaba. Kwa Kiswahili cha kila siku hakuna aliyekosea. Mshipa ni chochote mwilini chenye umbo la kamba au uzi, kiwe kinapitisha damu, kinapeleka hisia au kinavuta mfupa. Mtu akibishana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, zilizomtoka ni vena, zinazorudisha damu moyoni. Akijigonga kiwiko na ganzi ikamshuka hadi kidole cha mwisho, atasema amejigonga mshipa, na hapo ni neva. Mshipa wa nyama ngumu mara nyingi ni ukano, kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Tukisema fulani hana mshipa wa aibu, hapo tunasema tabia, si kiungo.

Wala si Kiswahili peke yake. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno moja, neuron, kwa ukano na kwa neva. Waliokuja kuvitenganisha ni wapasuaji wa miili wa Aleksandria, Herophilus akiwa mbele yao, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kwa macho tu vyote viwili ni nyuzi nyeupe. Mpaka ufuate kila uzi uone unaishia wapi, kwenye mfupa au kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Nawe fanya hivyo hivyo kwa mkono wako mwenyewe. Uweke mezani, kiganja juu. Gusanisha ncha ya gumba na ya kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Katikati ya kifundo itasimama kamba ngumu: huo ni ukano wa msuli mrefu wa kiganja. (Wapo waliozaliwa bila msuli huo, kwa hiyo usishtuke ukiukosa.) Sogeza kidole kuelekea upande wa gumba, utakutana na ukano mwingine, na ukiuvuka tu kuna kitu kinadunda. Hiyo ni ateri, ndiyo mtakayokuwa mkiishika kuhesabu mapigo ya mgonjwa. Michirizi inayoonekana juu juu chini ya ngozi ni vena. Haidundi, na ukiibonyeza inalala. Neva ya kati hutaiona, imepita ndani, karibu kabisa na ule ukano wa kwanza. Mahali pembamba namna hiyo pana vitu vinne tofauti, na mgonjwa wako ataviita vyote mishipa.

Kwa hiyo mkiwa mnajisomea, msiliache neno mshipa lisimame peke yake. Semeni mshipa wa damu mnapotaka kutaja ateri na vena kwa pamoja. Kwa neva, wengi husema mshipa wa fahamu, na ni Kiswahili safi, lakini mimi darasani napendelea neva. Fahamu ni neno tunalolitumia pia kwa aliyezimia, na nimeona wanafunzi wakidhani mishipa ya fahamu ni ya kufikiria tu, wakasahau kwamba ndiyo inayoamuru misuli. Ukano nao upewe jina lake: ukano huu, kano hizi. Msuli ndio unaokaza. Ukano kazi yake ni kuufunga msuli kwenye mfupa. Kile kinachofunga mfupa kwa mfupa wengine hukiita kano pia, ila nyinyi kiiteni ligamenti, msije mkarudi kwenye ugomvi ule ule.

Kuna maelezo mengine ambayo ningependa yaachwe kabisa, kwamba ateri ni mshipa wa damu safi na vena ni wa damu chafu. Ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni imebeba damu iliyopungukiwa na oksijeni, na vena zinazotoka mapafuni zimebeba damu iliyojaa oksijeni. Kinachotofautisha ni njia: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Na ukiletewa kipande chini ya hadubini, tazama ukuta. Wa ateri ni mnene kuliko wa vena inayoandamana nayo, na una misuli mingi. Wa vena ni mwembamba, mara nyingi umelala.

Wodini mambo yanageuka. Huko usimsahihishe mgonjwa, lugha ni yake. Tena ujue kwamba kwa watu wengi, hasa wazee wa kiume, "nasumbuliwa na mshipa" au "mshipa umeshuka" maana yake ni ngiri, na pengine busha, na mzee hatataka kuvitaja mbele ya kijana. Ukiandika "maumivu ya mshipa wa damu" umempoteza. Mpeleke faragha, au umwite muuguzi wa kiume, umuulize taratibu: "Mzee, mshipa wa wapi? Naomba unionyeshe kwa kidole." Kisha andika kwenye faili alipogusa.